Mama Hayupo

Asubuhi ile Sindano alikuwa anapiga pasi gauni ambalo halikutakiwa kuonekana na mtu. Alikuwa ameshalipiga mara mbili, na mara zote mbili Mama alilinyanyua mbele ya taa, akalikagua, akasema marinda yamelala kama mlevi, rudia. Basi akarudia, macho bado yana usingizi, huku nje Baba anapiga honi ya gari aliloazima kwa jirani kana kwamba ndege imeegeshwa pale mlangoni.

Sindano si jina lake. Wateja wa Mama ndio waliombandika, kwa sababu ya wembamba wake na kwa vile anavyoingia chumba cha kushonea na kutoka bila mtu kumsikia. Alikuwa kidato cha tatu, na mwalimu akimuuliza swali darasani anajibu huku anaangalia viatu vyake. Lakini nyumbani alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemfikia. Mteja akija kudai nguo, Mama anakimbilia chumbani, anakaa kitandani na ile futi yake ya kupimia shingoni, na Sindano anatoka mlangoni na kusema, "Mama hayupo." Akisema yeye, watu wanaamini, wanarudi zao. Akisema Baba, watu wanachungulia dirishani.

Gauni lilikuwa la kijani kilichokolea, kitambaa laini, ukikishika kinateleza. Lilikuwa gauni la Dada. Kitambaa kilikuwa cha Mama Meno.

Mama Meno ni mke wa daktari wa meno, na hilo jina aliitwa akiwa hayupo tu. Alileta kitambaa chake ashonewe nguo ya sherehe ya mumewe kazini. Mama akakipima, akakisifu, akakikunja, akakiweka kwenye rafu. Baada ya hapo ni kalenda tu: njoo Ijumaa, njoo Jumatatu, umeme ulikatika, cherehani imekata mkanda. Halafu Dada akapiga simu kwamba atapita, na Mama akaanza kukiangalia kile kitambaa kwa jicho lingine.

"Nitamnunulia kingine kama hiki hiki," alisema, mkasi umeshaingia. Kingine kama hiki hiki hakikupatikana duka lolote.

Dada ndiye mtoto wa kwanza. Mwaka wa tatu huu yuko nje, anawahudumia wazee wawili kwenye nyumba ya watu. Sasa wale mabosi wake walikuwa wanahamia nchi nyingine, wakamwambia awafuate, na ndege yake ingepitia mji mkuu. Angetua saa nane mchana na kuruka tena saa moja jioni. Likizo hakupewa, kuja nyumbani hakuruhusiwa, na likizo ya kweli ilikuwa bado miaka miwili. Masaa matano tu, pale uwanjani. Mama alishona sare za shule nzima, usiku na mchana, ili apate nauli ya ndege ya watu wawili, maana kwa barabara wasingewahi.

Kilichomtoa Mama nyumbani si kumkumbuka mwanawe peke yake. Kila wakimpigia Dada simu ya video, Dada anasema kamera imeharibika.

"Kamera mbovu miaka mitatu," Mama alikuwa anasema. "Sauti yenyewe imekuwa nyembamba. Namuuliza anakula, ananiambia anakula. Kwenye simu atanidanganya. Nikimzungushia futi kiunoni hanidanganyi."

Ndiyo maana lile gauni lilipigwa bandi tu ubavuni, uzi mweupe wa mshono wa muda bado unaonekana. Mama angemvalisha pale pale uwanjani, alishike kwa pini, ajue mwanawe amepungua kiasi gani, amalizie kwa mkono.

Baba aliwashusha uwanjani mapema. Akamwambia Mama, "Leo ndio siku ya kwanza nakuona umewahi kitu." Mama akamwambia aendeshe gari la watu taratibu.

Kwenye ukaguzi ile mashine ya kupita ikalia. Mama akarudi, akavua mkanda, akapita, ikalia. Akavua viatu, ikalia. Mkaguzi, mwanamke mmoja mnene aliyeonekana ameamka vibaya, akamwambia, "Mama, una chuma mwilini."

"Sina chuma, mwanangu. Labda moyo."

Mkaguzi akampapasa, akachomwa kidole. Zikatoka pini tatu kwenye kola. Zikatoka nyingine kwenye mkono wa blauzi, nyingine kwenye pindo la sketi, na sindano moja yenye uzi mweusi ilikuwa imetulia begani kama imezaliwa pale. Mama mwenyewe alishangaa. Ni mazoea ya kazi, akishona anachomeka popote na kusahau.

"Mama, wewe ni mtu au ni mto wa pini?"

Watu wa nyuma kwenye foleni wakacheka. Sindano alitamani ardhi ipasuke. Alikumbatia begi lenye gauni kifuani, akaangalia viatu vyake.

Ndege ilikuwa ya saa tatu. Saa tatu ikafika, ndege haikufika. Kikasikika kipaza sauti kikikoroma kwamba safari imechelewa kidogo kwa sababu za kiufundi, abiria wawe wavumilivu.

Mama akacheka peke yake. "Huyo ni mimi kabisa. Hasa mimi. Nikisikia mtu anasema sababu za kiufundi, najua hata kukata hajakata."

Saa nne kikakoroma tena, kwamba imebaki kidogo.

"Maana yake hawajaanza," Mama akatafsiri.

Saa tano hakucheka tena. Alikuwa anatembea kutoka kiti mpaka dirisha, kutoka dirisha mpaka kiti, anaangalia njia ya kurukia ambako hapakuwa na chochote ila mtu mmoja na fagio. Akamtuma Sindano akaulize kaunta. Sindano akaenda, akasimama pembeni ya kaunta, akangoja yule kijana aliyevaa tai anyanyue uso. Kijana hakunyanyua. Watu watatu walikuja nyuma yake, wakauliza, wakajibiwa, wakaondoka. Sindano akarudi.

"Amesemaje?"

"Sikumuuliza."

"Sasa ulikuwa unafanya nini pale, unamlinda?"

Hapo ndipo Mama alipoganda. Mlangoni mwa ukumbi alikuwa ameingia mwanamke mrefu, miwani ya jua kichwani, anavuta begi la magurudumu. Mama Meno, yule yule.

Mama alimshika Sindano mkono, akamvuta mpaka nyuma ya nguzo pana iliyokuwa karibu na vyoo, wakajibana pale. Ilikuwa ni sehemu ya ovyo kuliko zote ukumbini. Harufu ya dawa ya choo, hakuna kiti, na kile kipaza sauti ukikisikia kinasikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

"Mama, yeye hawezi kuona ndani ya begi."

"Humjui yule. Ataniuliza kitambaa changu kiko wapi, mimi nitaangalia begi, yeye ataangalia begi, basi."

Wakakaa pale wamesimama. Kiu ikamshika Mama, akamtuma Sindano maji. Sindano akataka kuacha begi, Mama akakataa, eti vyooni kuna wezi. Basi akaenda nalo, na hakufika hata nusu ya njia.

"Wewe si Sindano wa kwa fundi?"

Sindano akatikisa kichwa kuitikia.

"Mama yuko wapi?"

"Hayupo." Lilitoka lenyewe, kama vile mtu anavyopiga chafya.

Mama Meno akatoa macho. "Hayupo? Unapanda ndege peke yako, mtoto mdogo hivi?"

"Nakwenda kwa... kwa mjomba."

"Maskini. Njoo ukae na mimi, mwanangu. Ndege zenyewe hizi leo zimechanganyikiwa, utapotea."

Akamshika mkono, mkono laini wenye pete, akamkalisha. Akampa nusu ya mkate wake wa mayai. Akamuuliza anasoma masomo gani. Alikuwa mwema kwelikweli, na kila alivyozidi kuwa mwema Sindano alizidi kuloa jasho, begi mapajani, zipu yake ile isiyofunga mpaka mwisho ameiziba kwa kiganja. Nyuma ya nguzo alimwona Mama akichomoza jicho moja, kisha halipo, kisha jicho moja tena.

Simu ikatetemeka. Dada alikuwa ameandika kabla ya kupanda ndege ya kwanza: *Mdogo wangu, nikitua nitatoka nje kwa wanaopokea watu. Nitawashikia viti.*

Halafu kipaza sauti kikaamka. Safari hii kijana wa tai alitoka mwenyewe nyuma ya kaunta na kupaza sauti. Ndege kubwa imeharibika, haiji. Imekuja ndogo. Nafasi ni chache, atakayewahi kwenye mstari ndiye atakayepanda, wengine watafuata ya mchana.

Ukumbi mzima ulisimama kama shule ikigongewa kengele ya kwenda nyumbani. Mama Meno alikuwa na miguu mirefu. Kufumba na kufumbua alikuwa karibu na mlango, amemvuta Sindano nyuma yake, na mbele yao hawazidi watu kumi. Walikuwa na nafasi. Sindano aliangalia nguzo. Mama alikuwa ametoa mkono mmoja tu, anaupunga chini chini kama anavyofanya chumbani mteja akiwa bado mlangoni: subiri, subiri kwanza aondoke.

"Mama yako nikimpata," Mama Meno alikuwa anasema huku anatafuta tiketi kwenye pochi, "wala sitamgombeza. Sherehe yenyewe ilishapita, nilivaa nyingine. Mwambie kile kitambaa abaki nacho, ashone hata mapazia. Nimechoka kuja kwenu kuambiwa hayupo."

Sindano akamwangalia. Alikuwa anasema kweli, ilionekana.

"Naenda chooni mara moja," Sindano akasema.

"Sasa hivi? Haya, kimbia, nitakushikia nafasi."

Alikimbia. Alifika kwenye nguzo akihema. "Mama, twende. Amesema kitambaa tubaki nacho. Hakitaki. Twende kwenye mstari, amenishikia nafasi."

Mama akamwangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtu anayetaka kununua kitambaa kinachochuja rangi. "Amekwambia hivyo?"

"Ndiyo. Ameniambia hata tushone mapazia."

"Mwanangu. Miaka yote nimefanya kazi hii, wateja wote husema hivyo: Mwambie mama atoke tu, sina ugomvi naye. Ukitoka, ndio wanakukamata. Yule mke wa askari alisema vile vile, nikatoka, unakumbuka kilichotokea."

"Mama, si uongo. Nimemwona usoni."

"Ngoja aingie ndani ya ndege. Akishakaa, amefunga mkanda, hawezi kusimama. Sisi tunapita kimya kimya mpaka nyuma."

"Nafasi zitaisha."

"Haziishi mara moja hivyo."

Pale mlangoni Mama Meno alikuwa amegeuka, anatazama huku na huku, anamwambia kijana wa tai kwamba kuna mtoto, wasimwache. Kijana alimwambia mtoto akija atapita, yeye apite sasa hivi maana anazuia watu. Akapita. Mstari ukasogea, ukasogea tena. Mama akaanza kutembea, kwanza polepole kama mtu asiye na haraka, kisha haraka, kisha mbio.

Mbele yao alikuwepo mzee mmoja na mkongojo. Kijana wa tai alichukua tiketi ya yule mzee, akahesabu kwa kidole hewani, akavuta kamba.

"Zimeisha, mama."

"Zimeishaje na sisi tuko hapa?"

"Ndio zimeisha hivyo. Yule mama alisema kuna mtoto, nimemshikilia nafasi mpaka nimeona haji."

"Mtoto ndiye huyu," Mama akasema, akamsukuma Sindano mbele.

"Nimeshampa huyo mzee."

Mama akaongea. Akaongea kwa upole, akaongea kwa ukali, akasema mwanawe yuko mji mkuu na masaa matano tu. Kijana alikuwa anaitikia, pole mama, naelewa mama, macho yake kwenye redio ya mkononi. Kupitia kioo waliiona ile ndege ndogo ikigeuka, ikakimbia, ikanyanyuka.

Wakarudi kwenye viti. Sasa vilikuwepo vingi, unachagua. Mama alikaa, akatoa leso, akaikunja, akaikunjua. "Wangetuambia mapema kwamba ndege ni ndogo," alisema. "Hawa watu hawana mpango. Kijana mzima amevaa tai, hajui kupanga watu."

Sindano alikuwa ameangalia viatu vyake. Kisha akanyanyua uso.

"Tulikuwa na nafasi," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa nimesimama kwenye mstari. Tulikuwa na nafasi. Kila siku mama hayupo, mama hayupo, na mimi nasema. Leo anayekungoja ni Dada, na bado hupo."

Ilikuwa ni sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia Mama mbele ya watu. Mama akaikunja leso tena. Mwanaume aliyekuwa kiti cha nyuma yao alijifanya anasoma gazeti.

Kisha Mama akasema, kwa sauti ya chini, "Mwandikie dada yako tuko njiani."

"Hatuko njiani."

"Mwandikie tu."

Akaandika. Saa nane ikafika, na Dada akajibu kwamba ametua. Kisha: *Nimepata viti karibu na mlango. Watu wanataka kuvichukua nawaambia vina wenyewe.* Kisha: *Mmefika wapi?* Sindano akaandika tena tuko njiani. Ndege ya mchana ilikuwa imefika, wanaiona kwa macho yao, imesimama pale juani, mlango wazi, na hakuna anayeingia. Kwanza ilikuwa gari la mafuta. Halafu rubani anakula. Halafu gurudumu linaangaliwa, watu wanne wameinama wanaliangalia, mmoja analipiga teke dogo. Mama hakutafsiri chochote.

Jioni ikiwa inakaribia ndio wakapandishwa. Mlangoni mwa ndege mhudumu akasema begi halitaingia juu, litakwenda chini na mizigo. Mama akasema humo mna gauni limepigwa pasi. Mhudumu akasema halitakunjika, akalinyanyua begi kwa kishikio kimoja, akampa mtu, likaenda.

Angani walizunguka. Mji mkuu ulikuwa pale chini, barabara, mabati, magari yamewasha taa, na ndege ikaupita, ikarudi, ikaupita tena. Rubani akasema wanasubiri zamu. Mama alikuwa ameshika mkono wa kiti cha mbele kama anausukuma uende. Midomo yake ilikuwa inatembea, lakini si kwa sala. Alikuwa anahesabu saa.

Walipotua, Sindano akawasha simu kabla hata gurudumu halijatulia. Ujumbe ukaingia mmoja juu ya mwingine. *Bado niko nje. Nimewaambia wale wa ukaguzi nitaingia wa mwisho.* Na mwingine: *Mwambie Mama ajue nimepungua kidogo, asije akashtuka akiniona. Nitamweleza mwenyewe.*

Huo wa pili hakumsomea Mama.

Basi la kuwatoa kwenye ndege lilisubiri mpaka lijae. Mkanda wa mizigo ulizunguka mtupu, ukasimama, ukazunguka tena mtupu. Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, shingo imemtoka. Likatoka boksi, likatoka gunia, likatoka boksi.

"Mama, tuliache."

"Gauni limo humo."

"Tuliache, tumkimbilie. Tutarudi kulichukua."

Mama aliangalia lile tundu linalotema mizigo. Sindano aliona uso wake unavyovutwa huku na huku. Halafu Mama akainama, akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi. "Twende," akasema, na wala hakugeuka nyuma.

Jengo la ndege za nje lilikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja. Walipita kwenye maegesho, katikati ya magari, Mama pekupeku, watu wanawapisha. Mlinzi wa kwanza aliwaambia wamekosea mlango, wazunguke. Wakazunguka. Mlinzi wa pili akataka tiketi. Mama akamwambia hasafiri, amekuja kumuona mwanawe, na namna alivyosema, mlinzi akasogea pembeni.

Simu ilitetemeka walipokuwa wanapanda ngazi. Sindano akaisoma huku anakimbia. *Nimeingia. Wamefunga nyuma yangu. Wanasema tuzime simu. Mwambie Mama asilie.*

Akapunguza mwendo. Mama hakupunguza. Alifika kwenye ukumbi wa wanaopokea watu na kuanza kuangalia nyuso, moja moja, safu kwa safu, kila msichana mwenye begi anamfuata mpaka mbele na kumtazama machoni. Karibu na mlango mtu wa usafi alikuwa anapangusa meza. Viti vilikuwa vitupu vyote.

"Simwoni," Mama akasema. "Na wewe angalia, wewe una macho mazuri. Labda amebadilika."

"Mama, ameshaingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye ndege. Ameandika sasa hivi."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa moja. Mama aliiangalia, akaangalia ile milango ya kioo inayofunguka na kufungwa yenyewe, ikitoa watu wa ndege nyingine kabisa. Viatu bado viko mkononi. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka kwenye vifundo.

"Bado hawajaruka," alisema. "Na wao si wanachelewa? Kila mtu leo amechelewa. Mwandikie tumefika. Muulize yuko mlango gani."

"Mama."

"Andika, mwanangu. Mwambie nipo."

Sindano akaandika. *Dada, tumefika. Mama yupo hapa nje. Uko mlango gani?* Akatuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu, ya pili haikuja. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza ili na Mama aione, wakasimama wamekutanisha vichwa.

"Amejibu?"

"Bado."

Huko juu ya paa kukapita mngurumo, vioo vikatetemeka, watu wawili watatu wakanyanyua macho. Mama hakunyanyua. Alikuwa anaangalia simu.

"Ngoja kidogo," alisema. "Labda anaandika."